Ukurasa wa Miezi Tisa

Kitabu cha kliniki kiko juu ya friji,
kimelaliwa na kipande cha sabuni kisipeperuke.
Ukurasa wa miezi tisa ni mtupu.
Kesho ni Jumanne. Kesho ndiyo siku.

Musembi hajala. Ugali umeganda,
naye amekalia mtungi wa maji,
simu mkononi, sauti ya mtu tusiyemjua
ikisema wazazi amkeni, mnaharibiwa watoto.
Nikamwambia zima. Akapunguza.

"Mumo alichomwa. Mumo akanyamaza."
Hasemi zaidi ya hapo,
kama mtu anayesoma risiti.

Jogoo wa mwenye ploti huwika,
kisha ndege ya alfajiri ikatua Embakasi.
Hatujawahi kumshukuru jogoo.

Sikumwambia hivyo. Nilinyamaza,
maana siku ile mimi ndiye niliyemshika Mumo,
mkono mdogo, laini kama andazi,
nikambana kifuani asitapetape.
Miaka mitano nimeona aibu ya nguvu zangu.

Lakini usiku huu nimeifukua ile simu ya zamani,
ya kioo kilichopasuka, nikaichomeka,
nikangoja iamke kama mgonjwa.
Mumo, miezi saba, sakafuni Pipeline,
anazungusha kifuniko cha sufuria.
Sauti yangu, nyembamba, ya msichana:
Mumo. Mumo. Mumo wa mama.
Nimehesabu. Niliita mara tisa.
Hakugeuka.
Kifuniko kilipoanguka akacheka,
nami nikacheka naye,
sikujua ninachokiona.

Tarehe iko pale chini:
wiki nane kabla ya ile sindano.

Musembi akatazama. Akarudia. Akarudia tena.
Kisha akasema, "Basi ni nini?"

Hapo sina jibu.
Daktari alisema sindano siyo,
watoto wamechunguzwa kwa malaki, nchi kwa nchi,
na usonji haukutoka humo.
Ila hakunipa kitu kimoja chenye jina
nikichukie, nilale.

Nikamkumbusha picha iliyo kwa mama yake Mwingi,
msichana wa gauni la kuazima:
Kasyoka, dada aliyemtangulia,
ambaye surua ilimchukua kwa siku sita.
"Mimi sikumjua," akasema.
Nikasema, ndiyo.

Tokeni za stima zilikuwa zimebaki mbili.
Mlango wa chumbani ukalia
na Mumo akatoka, bila viatu, hakututazama,
akaenda dirishani, akaweka kiganja kwenye chuma.
Tukangoja. Hatukusikia kitu.
Halafu vikombe vikaanza kutetemeka kabatini,
na ndege ikapita, tumbo lake la taa
karibu na kamba zetu za nguo.

"Anajuaje?" Musembi akanong'ona.
Huuliza hivyo kila usiku.

Nikamwambia nililolimeza muda mrefu:
Ukisema "asije Mutanu akawa kama Mumo,"
huwa naongeza sauti ya redio,
kwa sababu Mumo anasikia.
Unaogopa surua, au unamwogopa huyu?

Hakujibu. Alimfunika mtoto mabega kwa shuka,
akasimama nyuma yake,
wakaingoja ndege nyingine.

Asubuhi foleni ilifika hadi langoni.
Nesi mwenye mafua aliita namba thelathini na moja
na Musembi akainuka kabla yangu.
Alimshika Mutanu mwenyewe. Vibaya, kiwiko juu,
nesi akamrekebisha.
Mutanu alilia jinsi alivyolia Mumo,
jinsi anavyolia yeyote akichomwa,
kisha akaiona kalamu ya nesi, akaitaka.

Sitasema hofu imeisha.
Wiki hii Musembi atamwita jina mara ishirini kwa siku,
nami nitakuwa jikoni, nikihesabu kimya kimya.

Mumo alikuwa nje, mikono masikioni,
uso juu.
Tulikuwa tumechelewa kazini sote wawili.
Alituonyesha kwa kidevu kwamba bado,
kwa hiyo tukangoja.